Re: Re: Puerto Rico bila pasipoti

Baba Pacha, Houston
Shikamooni wakubwa, vijana mambo. Pasipoti yangu iko ofisini kubadilishwa tangu Agosti, nikipiga simu naambiwa mtandao unasumbua. Leseni haina nyota ya REAL ID. I-485, yaani ombi langu la green card, bado inasubiri, EAD (kibali cha kazi) imeisha, mkononi nina I-797 tu, ile barua ya uhamiaji ya kupokea ombi. Tiketi za San Juan nimeshalipa, siku nne. Mama pacha hataki mjini, anataka vijiji vya wavuvi. Ndege nitapanda?

Dada wa Columbus
Usithubutu bila AP, kile kibali cha kutoka nje na kurudi ombi likisubiri! Jamaa yangu alikwenda Mexico hivyo hivyo, I-485 wakahesabu kaitelekeza.

Mzee wa Minneapolis
Dada, soma kwanza. Puerto Rico ni Marekani tangu 1898, hiyo ni safari ya ndani, AP ya nini? Baba Pacha, nendeni Piñones, halafu Loíza. Piñones wanakaanga alcapurria kwenye vibanda vya ufukweni: kama katlesi ndefu, ndizi mbichi na magimbi, ndani kaa. Mama yenu alipoona mtu anaponda ndizi za kukaanga na kitunguu saumu kwenye kinu, aligoma kuondoka. "Kinu hiki kimetoka kwetu."

Mtoto wa Mafia, Tampa
Mzee, kwa heshima, Piñones iko ndani ya Loíza, usimhesabie mara mbili. Kijiji cha wavuvi ni La Parguera, kule Lajas, kusini magharibi. Usiku boti inawatoa, ukitia mkono majini unawaka hadi kiwiko, ni vijidudu vya baharini vinavyotoa mwanga. Nendeni wakati wa giza, siyo mbalamwezi. Aliyevua dagaa anajua. Nyavu za babu zilikuwa zikiwaka vile vile. Nilikaa kimya boti nzima.

Dada wa Columbus
Haya, nimekosea. Kisiwa cha Vieques je? Meli ya kwenda huko siku hizi inatoka bandari ya Ceiba, siyo Fajardo. Jeshi la majini la Marekani lililipua mabomu ya mazoezi pale miaka na miaka, hadi wenyeji wakalitoa 2003. Na watu wa Puerto Rico uraia wa Marekani wanao tangu 1917, ila wakiishi kule rais hawamchagui!

Mtoto wa Mafia, Tampa
Kama sisi na kura ya nyumbani.

Mzee wa Minneapolis
Uraia pacha usiuanzishe hapa, tafadhali.

Baba Pacha, Houston
Asanteni sana. Ila I-797 na leseni isiyo na nyota zitanipandisha? Naondoka Ijumaa.

Mzee wa Minneapolis
Mkirudi msibebe maembe. Mizigo inakaguliwa pale pale San Juan. Mama yenu alinyang'anywa manne, hadi leo anayataja.