Afisa ustawi wodini: vipi nisikike kwenye raundi?

Mwana_Chake: Assalaam alaykum. Ni afisa ustawi wa jamii, nimepangiwa wodi ya wanaume hapa Pemba. Kwenye raundi daktari huuliza vipimo na dawa, kisha wanahamia kitanda cha pili. Mimi huitwa mgonjwa akisharuhusiwa na ikajulikana nyumbani hana wa kumpokea. Nijifunze nini ili nishirikishwe mapema?

Bi_Ustawi: Waalaykum salaam ndugu yangu. Usingoje kuitwa. Mgonjwa akilazwa tu, muulize daktari anamkisia kutoka lini. Kwenye raundi sema kwa dakika moja: tatizo, unachoomba, mpaka lini. "Familia yake ina matatizo" haimsaidii daktari kitu. Sema hivi: "Mzee kapooza upande wa kulia, anakaa peke yake Kengeja. Binti yake anakuja na boti ya Jumamosi. Naomba atoke Jumatatu, binti apate siku moja ya kufundishwa." Hapo daktari ana jambo la kuamua. Kisha liandike kwenye faili, tarehe na saini, maana wa zamu ya usiku hakukusikia.

Sista_wa_Zamu: Naongeza la kwetu wauguzi. Jamaa wakisema "tutamwangalia", bado. Mlezi amgeuze mgonjwa mwenyewe mbele ya muuguzi, amlishe akiwa kainuliwa, amwage mfuko wa mkojo. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2. Kama mlezi ni mmoja na asubuhi anakwenda shamba, vidonda vya mgongo vitamrudisha wodini, na hilo wewe ndiye wa kulijua kwa kuwa umezungumza na nyumbani. Uliza na choo. Kikiwa cha kuchuchumaa, kaa na mtu wa mazoezi mtafute kiti chenye tundu kabla hajatoka.

Mwana_Chake: Ahsanteni sana. Na siri je? Wakati wa raundi jamaa wamejaa kitandani.

Bi_Ustawi: Ya VVU na ya udhalilishaji wa kijinsia hayasemwi kitandani kabisa. Mwite daktari pembeni. Kila mtu apewe kile tu kinachomhusu: sheha, kiongozi wa mtaa, unaweza kumwomba akutafutie jamaa, ugonjwa haumhusu. Kesi ya udhalilishaji ipeleke saa hiyo hiyo kituo cha Mkono kwa Mkono, wanapohudumu pamoja daktari, polisi na ustawi. Dawa za kukinga VVU huanza ndani ya saa 72 tangu tukio, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu, kwa hiyo zisingoje polisi wala wazee kuelewana. Ombeni pia daktari, polisi na ustawi msikilize maelezo kwa pamoja. Mtoto akihojiwa mara tatu anaumizwa mara tatu, na maneno yakitofautiana kesi inalegea mahakamani.