Chanjo ya watoto wa mbwa: kwa nini irudiwe?

Wakuu, watoto wa mbwa wangu walichanjwa wakiwa na wiki 6. Daktari wa mifugo anataka warudi kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka wafikishe wiki 16. Sasa ile ya kwanza ilikuwa ya nini? Kuna kimoja kidogo, wenzake wanakisukuma kwenye titi tangu kizaliwe.

— Daktari yuko sahihi. Dang'a ya mama, yaani maziwa ya kwanza, imejaa kingamwili (protini za kupambana na magonjwa), na utumbo wa mtoto huzipitisha hadi kwenye damu kwa takriban siku moja tu baada ya kuzaliwa, kisha mlango unafungwa. Kingamwili hizohizo huidaka chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza kutengeneza zake. Hupungua polepole, kila mtoto kwa kasi yake. Hicho kinachosukumwa huenda kilipata chache, chanjo ikafanya kazi kwake mapema. Kwa macho hujui, ndiyo maana wote wanarudia.

— Minyoo je? Mnyama mwenye minyoo au njaa huitikia chanjo kinyonge.

— Dawa ya minyoo wameshapewa. Naweza kukipima hicho kidogo damu?

— Kipimo kipo, ila mtoto huyo bado mdogo: kitaonyesha kingamwili bila kutenganisha za mama na zake.