Ijumaa safari ya familia, mtoto kaanza kutapika na bibi yake yuko kwenye kemo. Twende au tubaki?

MamaWawili

Wadau habari za sa hizi, naombeni ushauri wa haraka maana hapa nyumbani tumeshabishana mpaka hatuongei vizuri.

Ijumaa tunatakiwa kusafiri wote wanne, mimi, baba watoto na wanangu wawili, tunaenda kwa mama mkwe. Sio matembezi tu, ndugu wote wa mume wangu wanakutana, wengine hawajaonana miaka, na mama mwenyewe anatibiwa saratani yuko katikati ya kemo, ndo maana wakubwa walisema tukutane sasa hivi tusisubiri sikukuu. Wifi yangu naye atakuwepo na kichanga chake, hata miezi miwili hakijatimiza.

Sasa jana Jumatatu usiku mdogo kaanza kutapika. Darasani kwao watoto wengi wamekosa shule kwa kutapika na kuharisha, mwalimu alishatutumia meseji mapema. Katapika usiku kucha, leo maji yanakaa tumboni na anacheza cheza, ila bado anaharisha. Mkubwa mzima, mimi na baba yake wazima pia mpaka naandika hapa.

Mume wangu anasema mpaka Ijumaa mtoto atakuwa ameshapona, nauli tumeshalipa, na mama anatusubiri, kila siku anapiga simu kuulizia wajukuu. Mimi roho inasita. Na sio kwa huyu aliyeumwa, ni kwa sisi watatu ambao hatujaumwa BADO. Tukifika kule tukaanza kuangukia mmoja mmoja ndani ya nyumba ya mgonjwa itakuwaje? Halafu upande mwingine najiuliza, je kama hii ndo nafasi yenyewe ya kumuona na tukaikosa kwa sababu ya tumbo la siku mbili?

Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Mzee wa Safari

Pole dada. Mimi ningeenda. Watoto kuumwa tumbo ni kawaida, linakuja linapita, Ijumaa ni mbali atakuwa anaruka ruka huyo. Ila mgonjwa wa saratani hujui kesho yake, nyie nendeni mkamuone mama akiwa na nguvu za kukaa na kucheka na wajukuu. Nimewahi kuahirisha safari ya kumuona mtu wangu nikijua nitaenda mwezi ujao, na mwezi ujao nilienda msibani. Sitamshauri mtu aahirishe.

nesi_wa_zamu

Dada pole na kuuguza. Mzee wa Safari nakuelewa kabisa na pole kwa yaliyokukuta, lakini hapa naomba niseme kwa urefu kidogo maana jambo lenyewe liko kwenye masaa.

Kutapika kwa ghafla kunakopita darasa zima namna hiyo mara nyingi ni norovirus. Siwezi kusema kwa uhakika bila kipimo, inaweza kuwa virusi vingine vya tumbo, ila kwa uamuzi wenu ichukulieni kama ni hiyo. Tangu virusi viingie mwilini mpaka mtu aanze kutapika ni kati ya saa 12 na 48. Sasa hesabu na mimi: kama mkubwa na nyie wazazi mliambukizwa Jumatatu usiku mkiwa mnafuta matapishi, mtaanza kuumwa wakati wowote kuanzia leo mpaka Jumatano usiku. Na akianza mmoja Jumatano usiku, kwa wale waliobaki masaa yanaanza kuhesabiwa upya, yanafika Ijumaa usiku, na hapo mko safarini au mmeshafika mezani kwa mama.

Kitu cha pili, mtu haambiwi yuko salama kukaa na watu siku ile anayoacha kutapika. Tunahesabu saa 48 tangu mara ya MWISHO kutapika au kuharisha. Mdogo bado anaharisha leo kwaiyo saa zake hazijaanza hata kuhesabiwa. Akikauka kesho jioni zinaisha Ijumaa jioni. Na hata baada ya hapo virusi vinaendelea kutoka kwenye choo kikubwa kwa wiki 2 au zaidi wakati mtoto anaonekana mzima kabisa, ndo maana mikono baada ya chooni na baada ya kubadilisha nepi ni lazima. Mikono kwa maji na sabuni jamani, sugueni hasa, sekunde 20. Sanitaiza ya spiriti kwa hivi virusi haifanyi kazi vizuri, watu wengi hawalijui hili wanapaka wanaona wamemaliza.

Sasa kuhusu mama. Kwa mtu mwenye kinga nzuri ni siku moja mpaka tatu za mateso halafu basi. Kwa aliye kwenye kemo sio hivyo, kinga yake iko chini, kuharisha kunaweza kumkalia wiki na wiki, anaishiwa maji haraka, figo zinapata shida, na dozi inayofuata inaweza kusogezwa mbele. Muulizeni jambo moja: dozi ya mwisho alipata lini? Dawa zinatofautiana ila kwa nyingi chembe nyeupe za damu zinafika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, halafu zinaanza kupanda. Mkiangukia kwenye siku hizo ni kipindi kibaya kuliko vyote. Na mgonjwa wa kemo akipata joto la 38 huyo ni wa kwenda hospitali muda huo huo, hakuna kumeza panado kwanza aone. Kichanga wa chini ya miezi 3 naye hivyo hivyo.

Mimi nisingeenda Ijumaa. Sijasema msiende kabisa, nimesema Ijumaa.

binti_jasiri

Naandika kama mtu aliyewahi kukalia hicho kiti cha kemo. Nesi kaongea vizuri sana.

Mama wawili mwambieni mama ukweli wote, leo, sio Ijumaa asubuhi. Wakati natibiwa kuna ndugu walikuja kuniona na mtoto anakohoa, wakasema ni vumbi tu la njiani. Nililazwa baada ya pale. Mpaka leo kinachoniuma sio kulazwa, ni kwamba wao walijua na mimi sikupewa nafasi ya kusema njooni au msije. Unapoumwa hivi kila mtu anakuamulia, ule hiki usile kile, lala, amka, mpaka wageni wako unaamuliwa. Yeye ni mtu mzima, mpeni habari kamili aseme mwenyewe.

Na kuhusu hilo la "nafasi ya mwisho", mume wako akae na dada zake waulize kwa uwazi hali ikoje. Kuna kemo ya kuponya na kuna ya kupunguza makali, na hizo ni safari mbili tofauti kabisa. Kama daktari anasema ana miezi mingi mbele yake, wiki mbili sio kitu. Kama wanasema ni siku, basi hata mimi ningesema nendeni, mvae barakoa mkae uani, mumuone.

KakaMtulivu

Binti jasiri nakubaliana na wewe kwenye kusema ukweli ila sehemu ya kumuachia mama aamue napingana kidogo. Mama yupi ukimuuliza "tuje au tusije" atakwambia msije? Atasema njooni wanangu, hata kama anajua itamgharimu, tena atajificha asionyeshe kama kaumia. Mnamtwisha mzigo wa kuwakataza wajukuu wake. Mimi ningepiga simu kwanza kwenye kitengo anakotibiwa, mara nyingi wanampa mgonjwa au mtu anayemuuguza namba ya kupiga, wifi atakuwa nayo. Wakisema hapana, mama anaambiwa "daktari kakataa mpaka siku fulani", anakasirikia daktari, hakasirikii mtu wa nyumbani.

Kuhusu nauli: usifute, BADILISHA. Piga simu kabla ya siku ya safari, mkiwa hamjaonekana kituoni au uwanjani tiketi nyingi zinakufa palepale, lakini ukiwahi wengi wanakubali kubadilisha tarehe kwa kulipia tofauti. Ukiwa na cheti cha daktari cha mtoto kiambatanishe, sio lazima kisaidie ila hakidhuru. Kama mlikata bima ya safari zamani wakati mnanunua tiketi isome vizuri. Ya kukata leo haitakusaidia kwa ugonjwa ambao umeshaanza.

Na fikiria safari yenyewe pia, mtoto anayeharisha kwenye kiti masaa kadhaa, choo kimoja abiria wote. Hao abiria nao wana mama zao.

Mzee wa Safari

Nesi asante, hilo la masaa kuanza upya sikulijua. Basi nauliza, kwanini baba asiende peke yake? Ni mama yake mzazi, nyie mkabaki na watoto.

nesi_wa_zamu

Mzee wangu, lingekuwa wazo zuri kama baba angekuwa anaishi nyumba nyingine. Huyu kafuta matapishi usiku kucha kama wengine, anaweza akawa ndo anayefuata. Ila kama leo hii akihamia kulala kwa rafiki, asishike tena nguo wala vyombo vya mtoto, akakaa saa 48 kamili bila dalili yoyote, hapo kuna mjadala. Na hata hivyo waulizwe wanaomtibu mama.

MamaWawili

Ndugu zangu asanteni sana, nimesoma kila mstari na nimemsomea baba watoto kwa sauti.

Yaliyotokea ni haya. Juzi ile ile usiku alimpigia dada yake, wakapiga kule anakotibiwa mama. Kumbe dozi ya mwisho ni ya wiki iliyopita, kwaiyo tungefika kwenye zile siku nesi alizosema, palepale. Wakasema bila kuzunguka, hakuna mtu wa nyumba hii kukanyaga pale mpaka wote tukae saa 48 bila dalili, na wangependa zaidi tuje siku chache kabla ya dozi inayofuata maana hapo damu yake inakuwa imepanda. Tukauliza na lile swali gumu, wakasema kemo anaitikia vizuri. Mume wangu aliposikia hilo ndo nikaona mabega yameshuka, nikajua kumbe siku zote alikuwa anabishana na mimi kuhusu nauli lakini hofu yake ilikuwa nyingine. Sikuwa nimeiona.

Halafu jana usiku Jumatano mkubwa naye kaanza. Saa nane za usiku. Yaani ningekuwa nimefunga mabegi.

Mama tumemwambia. Alinyamaza kidogo kwenye simu kisha akasema anajua, wifi alishamwambia, na kwamba watoto wapone kwanza. Alilia kidogo na mimi nikalia. Tiketi tumebadilisha kwa kuongezea hela, imeuma ila imewezekana. Ndugu wengine wanakutana Jumamosi kama ilivyopangwa, sisi tutaingia kwa simu ya video wakati wa kula, mdogo kaomba amwimbie bibi wimbo wa shule.

Sasa nisaidieni huku nyumbani. Mkubwa hakai na kitu tumboni, na nyumba nitaisafishaje huu ugonjwa usituzungukie tena mpaka tarehe mpya?

binti_jasiri

Mmefanya jambo kubwa kwa huyo mama. Siku ya kwenda mwambieni tarehe mapema aihesabu, wakati natibiwa tarehe moja ya kungojea ilikuwa inanibeba wiki nzima.

nesi_wa_zamu

Poleni tena. Mkubwa mpe ORS, kijiko kimoja kimoja kila baada ya dakika chache, sio kikombe kizima maana akigugumia kitarudi chote. Akitapika subiri kama dakika 10 uanze tena taratibu. Kama huna paketi, maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo vya chai 6 vya kufuta juu, chumvi nusu kijiko cha chai, usizidishe chumvi. Soda na juisi tamu acha, zinaongeza kuharisha. Akianza kutaka kula mpe chochote laini alichozoea, hakuna haja ya kumfungia chakula. Dawa za kuzuia kuharisha usimpe mtoto bila kuandikiwa.

Matapishi vaa glavu, yaondoe kwa tambara la kutupa, halafu pasugue kwa maji yenye dawa ya klorini ya kufanyia usafi, fuata kipimo cha kwenye chupa, iache ikae dakika 5 au zaidi ndo ufute, madirisha wazi, na usiichanganye na dawa nyingine yoyote. Vitasa vya milango, swichi, rimoti, bomba la choo, simu zenu, hivyo ndo watu wanasahau. Mashuka yafuliwe na maji ya moto bila kuyakung'uta. Na wewe kama unaweza usipikie watu wengine mpaka saa 48 zipite tangu uache kutapika na kuharisha, kama itakupata.

Huyo mkubwa angalia mkojo. Akipita saa 6 mpaka 8 hajakojoa, au analia bila machozi, au analegea hataki kuamka, au kuna damu kwenye choo, nenda naye hospitali hata kama ni usiku wa manane. Leo kakojoa mara ya mwisho saa ngapi?

MamaWawili

Kakojoa saa mbili hii asubuhi, kidogo na wa njano sana. Naanza na kijiko sasa hivi, nitarudi hapa mchana kusema.