Chama cha mpira cha mkoa kimetuita KIKUNDI CHA JOGING na tulikuwa tumevaa jezi!!

Katibu Mchovu (mleta mada):

Wakuu leo salamu hakuna, naandika mikono inatetemeka. Wenye timu za daraja la tatu mnamjua ninayemsema, simtaji, mnamjua kwa ile suti ya kaki na ule mhuri anaotembea nao mfukoni utadhani ndio simu yake. Leo tumeenda ofisini kwake, mimi, kocha na vijana wametoka mazoezini, jezi mwilini, namba mgongoni zinasomeka hadi ng'ambo ya barabara, mpira kwapani, tunapeleka rufaa. Mtu ananyanyua kichwa polepole kama anapandisha bendera, anatukagua kuanzia viatuni, anauliza, "Nyie ndio wale wa kikundi cha joging?"

KIKUNDI. CHA. JOGING.

Wakuu tulikuwa na mpira! Golikipa alikuwa na glovu! Nani duniani anakimbia joging na glovu za golikipa?

Rufaa yenyewe inahusu nini, mechi yetu ya mwisho tumeshinda uwanjani, watu wameona, nyavu zimeona, kumbe mezani tumefungwa. Wapinzani wamepewa pointi za mezani kwa sababu eti gari la wagonjwa lilichelewa kufika. Gari ambalo tunalilipia sisi mwenyeji. Posho za marefa tunachanga sisi, kamishna wa mechi sisi, chokaa ya uwanjani nimebeba mimi begani hadi shati la kanisani likafa. Ukiuliza chama siku hiyo kilileta nini, kilileta suti.

Sasa baada ya kutuita kikundi cha joging (sijasahau, msidhani nimesahau) akaegemea kiti akaanza kutuhutubia historia. Eti vijana mpira wa nchi hii haukuanza na nyie, FAT, chama cha mpira cha taifa, ipo tangu 1930, FIFA tumeingia 1964, sheria ya Baraza la Michezo imetungwa 1967, FAT ikaja kuwa TFF 2004, nyie mmesajiliwa lini? Nikamwambia mzee, cheti hiki hapa, kimepita kwa afisa michezo wa wilaya kikaenda kwa msajili kikarudi. Akakipokea akakigeuza kichwa chini miguu juu, akatazama weee, akasema "huyu ndege wa nini?" Ile ni nembo yetu mzee. Ni mwewe.

Na ukutani nyuma ya kichwa chake kuna picha ya kombaini ya mkoa enzi za Kombe la Taifa, imegeuka rangi ya chai. Zile enzi mkoa ulikuwa unakusanya vijana kutoka kila wilaya unaunda kombaini, mtoto anaonekana huko huko kwao bila kupanda basi kwenda kulala kwa mjomba Dar. Hiyo ndio ilikuwa kazi. Sasa hivi kombaini imebaki ukutani na yeye mwenyewe nimemtafuta kwenye ile picha hayumo, hata kwenye waliochuchumaa hayumo.

Kwa wasiojua, wilaya inaendesha daraja la nne, mkoa unaendesha daraja la tatu, bingwa wa mkoa ndio anaenda Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, akipenya huko First League, halafu Championship, halafu Ligi Kuu. Yaani mpira wote wa ridhaa lazima upite mlango wa ile ofisi, na aliyekaa mlangoni hajui jezi ni nini.

Povu ruksa ila asitokee mtu kuniambia nitulie. Glovu wakuu. GLOVU.

Beki Kisiki:

Nimecheka peke yangu kwenye daladala watu wamenihama siti. Mkuu weka picha ya hizo jezi kwanza, kuna jezi nyingine ukiziona hata mimi nauliza mnaanzia mbio wapi.

Nyundo ya Kona:

Beki Kisiki 😂😂 hapo kwenye picha ameshakimbia huyo. Joging tena.

Pointi za Mezani:

Mkuu wewe una bahati, umeitwa kitu. Sisi chama chetu cha mkoa (sio huko kwenu, nacho sikitaji) kimetusafirisha hadi wilaya ya mwisho kabisa kucheza ugenini, tumefika tumekuta katikati ya uwanja kuna jukwaa la mkutano wa injili, wapinzani wenyewe wako kwenye kwaya. Kupiga simu kwa katibu anasema "kwani hamkupata ratiba mpya?" Ratiba mpya ilibandikwa ofisini kwake. Ndani. Mlango umefungwa. Tukahesabiwa tumegomea mechi.

Katibu Mchovu:

Pole mkuu lakini hamkuitwa joging.

Mzee wa Mkwakwani:

Vijana mnalalamika sana. Chama cha mkoa kilikuwa na heshima kwa sababu mikoa yenyewe ilikuwa na timu. Ligi ya taifa imeanza 1965, miaka ya mwanzo Dar walikuwa wanagawana wenyewe kwa wenyewe, Sunderland (ndio Simba ya leo), Cosmopolitan, Yanga, mpaka 1975 Mseto ya Morogoro ikaja kuuchukua ubingwa. Hapo ndio mikoa ikaamka. Tukuyu Stars ya Rungwe, Mbeya, 1986 imepanda daraja msimu huo huo ikabeba. Sisi Tanga na Coastal Union yetu 1988. Hizo timu hazikutoka mbinguni, zililelewa na ligi za wilaya na mkoa zilizochezwa mpaka mwisho. Sasa wewe umeitwa joging unaanzisha uzi.

Songea Halisi:

Mzee shikamoo, ila 1986 bingwa ni Majimaji yetu ya Songea, usitudhulumu.

Mzee wa Mkwakwani:

Marahaba. Majimaji ilichukua ligi ya Muungano. Mimi nazungumzia ya Bara. Soma kwanza.

Songea Halisi:

Muungano ndio kubwa sasa mzee, si ndio ilikuwa na Wazanzibari ndani? Tukuyu wamechukua ya nusu nchi.

Green City:

Wewe wa Songea unatafuta ugomvi na Rungwe nzima. Mpaka leo nyie mmebaki na uwanja tu.

Katibu Mchovu:

Wakuu turudi kwenye mada. Mtu ameangalia glovu, ameziona kabisa kwa macho yake mawili, akasema joging.

Filimbi Yangu:

Mimi ni refa na nimesoma hapo mleta mada anasema "posho za marefa tunachanga sisi". Mnachanga wapi? Hizo posho mnaziita za marefa ila refa huwa anazisikia tu. Nimechezesha daraja la tatu, nimetoka uwanjani nasindikizwa na mawe, mwenyeji anasema atanilipa chama, chama kinasema atanilipa mwenyeji, nikarudi nyumbani na jogoo mmoja, na jogoo mwenyewe alikuwa mgonjwa. Filimbi nimenunua mwenyewe, kadi nimekata mwenyewe kutoka kwenye boksi. Ile nyekundu ilikuwa ya boksi la biskuti, mchezaji akaisoma akacheka, nikampa na ya pili.

Nyundo ya Kona:

Refa kumbe ndio wewe uliyetupa penalti ya dakika za majeruhi kwa mpira kugonga bega!! Nimekutafuta sana.

Filimbi Yangu:

Ulikuwa mkono.

Dada Winga:

Na nyie wote mnalia mna ligi. Njooni upande wa wanawake muone. Mkoa wetu mashindano ya wanawake yana timu mbili, yetu na ya shule ya sekondari, shule zikifungwa tunabaki sisi peke yetu tunakuwa mabingwa na washuka daraja kwa wakati mmoja. Ligi Kuu ya Wanawake imeanza msimu wa 2016/17, bingwa wa kwanza Mlandizi Queens, timu ya Pwani huko, sio Simba wala Yanga za Kariakoo. Ina maana vipaji viko mikoani, sasa nenda ofisini kaulize ratiba ya wanawake, utaambiwa "mama, netiboli ni ofisi ya pili kulia."

Katibu Mchovu:

Dada hiyo ya netiboli inakaribia kidogo ya joging, nakubali.

Mjumbe Halali:

Mleta mada mimi nakupa somo la bure. Wewe timu ya daraja la tatu kwenye mkutano mkuu wa TFF hauna kura. Kura wanazo wajumbe wa mkoa. Marais wa TFF, Tenga 2004, Malinzi 2013, Karia 2017, wote walichaguliwa na wajumbe, na mikoa ndio imejaa mle ukumbini. Sasa mtu ambaye rais mtarajiwa anampigia simu "kaka umeamkaje, watoto hawajambo", atajisumbua kukariri nembo yako ya kuku?

Katibu Mchovu:

Ni MWEWE.

Mjumbe Halali:

Sawa. Wewe hauna kura, una kelele. Ukitaka wakufahamu gombea.

Beki Kisiki:

Agombee na kikundi chake cha joging 🤣

Pointi za Mezani:

Mbona timu za mikoani zinapanda bila kelele? Mashujaa ya Kigoma Desemba 2018 ilikuwa bado iko chini, ikaja Dar ikaitoa Simba 3-2 kwenye Kombe la Shirikisho, na 2023 ikapanda Ligi Kuu. Mbona hawakuitwa joging?

Nyundo ya Kona:

Mashujaa ni timu ya jeshi mkuu. Nani atawaita joging na buti zile. Jaribu wewe uone.

Mnyama Damu:

Hiyo 3-2 mnairudia kila uzi, watu tunazungumzia vyama vya mikoa, mbona hamuitaji ya Yanga?

Wananchi Milele:

Imeanza. Kuna na ya Green Warriors kuitoa Simba 2017, ile ya penalti, au tusiguse?

Mweka Hazina:

Samahani wanajukwaa, mimi sio mtu wa mpira, nimeingia humu kwa sababu ya kichwa cha habari na nimeumia. Mimi ni mweka hazina wa klabu ya joging. Mleta mada nimekusoma mwanzo mpaka mwisho, umeandika joging kwa herufi kubwa utadhani umetukanwa mzazi. Kwani joging ni tusi? Klabu yetu ina katiba, ina akaunti ya benki yenye sahihi za watu watatu, kila Jumamosi tunatoka asubuhi, tunafanya usafi hospitali, tunachangia damu, mwenzetu akifiwa tunakodi basi. Timu yako ina nini? Mpira mmoja kwapani na katibu anayelia.

Beki Kisiki:

AUWIII 😭😭 mtu amekuja na katiba

Dada Winga:

Mweka Hazina umeongea. Tena hawa wa mpira wakifiwa wanachangisha kwenye geti la uwanja.

Katibu Mchovu:

Mama/baba mweka hazina sijasema joging ni mbaya. Ninachosema nilikuwa na GLOVU. Golikipa. Sio mimi, golikipa.

Mweka Hazina:

Hata sisi kuna mzee anakimbia na glovu, ana baridi yabisi.

Nyundo ya Kona:

Kesi imefungwa hiyo, yule wa suti ya kaki alikuwa sahihi 😂

Filimbi Yangu:

Kwa hiyo klabu ya joging ina akaunti benki na inalipa kwa wakati? Mnahitaji mtu wa kupuliza filimbi mkiwa barabarani? Nina yangu.

Mweka Hazina:

Njoo Jumamosi, fomu zipo. Kiingilio kinalipwa kidogo kidogo, tisheti unapewa.

Dada Winga:

Wanawake mnapokea? Maana huku nimebaki bingwa wa peke yangu.

Mweka Hazina:

Wanawake ndio wengi, hata mwenyekiti ni mama.

Pointi za Mezani:

Njia yenu inapita wapi? Na mkifika mkakuta mkutano wa injili mnafanyaje?

Mweka Hazina:

Tunazunguka.

Katibu Mchovu:

Wakuu rufaa yangu ina siku zake, ikipita imekufa. Nani ana uzoefu, nimpelekee tena huyu huyu aliyeniita joging au naruka naenda juu? Tafadhali jibuni hili moja.

Songea Halisi:

Bado nasubiri mzee wa Mkwakwani akubali kwamba Muungano ndio ilikuwa kubwa.

Mjumbe Halali:

Mods hamishieni huu uzi jukwaa la afya.

Katibu Mchovu:

Jukwaa la afya tena??

Green City:

Wakuu wa joging mkiwa bado mpo, mimi nikikimbia kwenye lami goti la kushoto linauma kwa ndani, kupanda mlima halina shida ila kushuka ndio balaa. Ni viatu au umri?