Dar–Dodoma: ndege saa moja au treni ya SGR saa tatu na nusu?

Kimara_Mwisho: Wakuu, habari za jioni. Jumanne nina kikao Dodoma mjini saa 5 asubuhi, nageuza siku hiyohiyo. Kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi uwanja wa Dodoma ni kama km 390 kwa mstari ulionyooka, ndege saa moja. Treni ya haraka inakula kama saa tatu na nusu. Kwa macho tu ndege imeshinda, ila nauli yake inauma. Mnashauri nini?

Fundi_Propela: Hizo 390 mkuu ni za rula kwenye ramani. Ndege inaruka ikielekea upepo unakotoka, ndipo inageuka kushika njia, na ikifika inajipanga tena kutua. Zile ndege za propela, Q400 za abiria 76, zikishatulia juu zinapita km 600 kwa saa, kwa hiyo hesabu kavu ni dakika 40. Saa moja ya kwenye tiketi inaanzia ndege inapoachia maegesho hadi inaposimama. Na usidhani jeti itakuokoa sana. Kwa safari fupi hivi, ikishika kasi yake tu, inaanza kushuka.

Bibi_Kongwa: Mwanangu, hesabu kuanzia mlango wa nyumba yako. Wewe wa Kimara unapanda basi la mwendokasi hadi Gerezani, stesheni hiyo hapo unatembea kwa miguu. Uwanja wa ndege una foleni ya Tazara, kukaguliwa, kuvua mkanda, kisha kukaa kusubiri.

Kimara_Mwisho: Shikamoo bibi. Na huko Dodoma je?

Bibi_Kongwa: Marahaba. Huko ndege ina raha yake, uwanja uko mjini kabisa, bodaboda dakika chache uko Jamatini. Treni inakushusha Mkonze, nje ya mji, na wenye bajaji wa pale wanakujua ni mgeni kabla hujafungua mdomo. Uwanja mpya wa Msalato, ulio nje ya mji, ukianza kazi, hiyo raha ya ndege nayo itapungua.

mtu_wa_pugu: Mimi ndege ilishanitoa jasho. Shirika silitaji. Safari ya saa 12 asubuhi tuliondoka saa 4, kikao nilikuta wanakunywa chai ya kuagana. Tangu hapo ni treni, tena ile ya kawaida napandia hukuhuku Pugu, sina haja ya kwenda mjini. Nafanya kazi zangu kwenye kompyuta, ila ukiingia mahandaki ya Kilosa simu inakata, usiwe katikati ya kutuma muamala.

Fundi_Propela: Pole. Ila ingekuwa Mwanza nisingekuelewa. Huko ni kama km 850 angani, saa moja na nusu hivi, na basi linakula siku nzima. Dodoma ni karibu mno, ardhini kwenye viwanja unapoteza muda mwingi kuliko unaokaa hewani.

Kimara_Mwisho: Basi naenda na treni ya alfajiri, kurudi nitapanda ndege ya jioni, maana nitakuwa mjini tayari. Mama watoto kaagiza zabibu.

Bibi_Kongwa: Zishike mkononi, usizitie kwenye begi la chini. Zangu zilifika Dar mvinyo.