MJADALA: Ofisi isiyoweza kumkatia bima mwandishi wa vitani, ipokee habari zake?

Mama Tausi, Dar
Wadau, wakubwa shikamooni. Tangu waasi wa M23 waingie Goma, mashariki mwa Kongo, mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, habari za huko tunazipata kila siku. Ukiulizia nani kapiga ile picha au nani katuma ile sauti, ni kijana wa palepale anayelipwa kwa habari mojamoja. Hana mkataba, hana bima, hana fulana ya kuzuia risasi. Siku akiumia ofisi inamwita "mwandishi wa kujitegemea" na mambo yanaishia hapo.

Msimamo wangu: ofisi isiyoweza kumkatia bima na kumpa vifaa isipokee kazi yake. Ikiipokea imemtuma, hata kama haikutamka "nenda". Mwaka 2015, baada ya James Foley, mwandishi Mmarekani wa kujitegemea, kuuawa Syria, vyombo vikubwa vilitia saini kanuni kwamba mwandishi wa kujitegemea na yule mwenyeji wa mahali wajaliwe usalama wao sawa na waajiriwa. Ofisi zetu zinasubiri nini?

Kipanga wa Mwanza
Dada, nia yako njema lakini fulana haiokoi mtu. Shireen Abu Akleh, mwandishi wa Al Jazeera, alipigwa risasi akafa Jenin, Palestina, Mei 2022, ana kofia ngumu kichwani na fulana imeandikwa PRESS.

Halafu tusidanganyane. Wenzetu wa Kongo kila mkutano wanasubiri coupage, ile pesa ya "usafiri" inayotolewa na mwenye shughuli. Mtu analipwa na anayemwandika, kisha tumkatie bima ya uandishi? Achague kwanza kazi yake ni ipi.

Kalamu ya Goma
Bandugu, mie niko mutu wa Goma, mwaka wa tisa huu kwenye kazi. Mleta mada anisamehe, namjibu Kipanga.

Habari moja ya redio nalipwa dola tano. Pikipiki mpaka mji wa Sake na kurudi inazimaliza zote. Hiyo coupage ndiyo inayonirudisha nyumbani. Siisifu. Kuna habari niliiacha kwa sababu ya pesa ile, na mpaka leo inaniuma. Lakini usiseme nilichagua.

Usiku ule wa Januari tulilala kwenye korido, mimi, mke wangu na watoto, magodoro tumeyasimamisha dirishani. Umeme hakuna. Simu niliichaji kwa betri ya pikipiki ya jirani, ili asubuhi nitume sauti ya dakika mbili. Mhariri akajibu: "Kazi nzuri, ila kuna makelele nyuma." Yalikuwa mabomu, Kipanga.

Mpiga Picha, Nairobi
Kaka wa Goma, pole sana. Kipanga, hayo ni maneno ya mtu aliyekaa mbali.

Mogadishu, tarehe 12 Julai 1993. Helikopta za Marekani zilishambulia nyumba, watu wengi wakafa, wenzetu wakaenda kupiga picha. Umati ukawageukia, kwa mawe na kipigo. Hos Maina na Anthony Macharia, Wakenya wa Reuters. Dan Eldon, pia wa Reuters, kijana aliyekulia Nairobi. Hansi Krauss, Mjerumani wa AP. Wanne siku moja, na hao walikuwa na mashirika makubwa nyuma yao. Yule wa dola tano ana nani? Wewe ulishawahi kushika kamera ukasikia risasi?

Kipanga wa Mwanza
Sikukaa mbali. Nimeandikia magazeti miaka kumi na minne kwa kulipwa kwa makala. Bahasha zilipita mbele yangu kila semina na nilizirudisha. Ya kwanza niliirudisha nikatembea kwa miguu kutoka mjini hadi Igoma, jua la saa nane, viatu mkononi. Msinifundishe umaskini. Anayeumwa na neno coupage ajiulize kwa nini linamuuma.

Salma wa Tanga
Ulirudisha, hongera, nasema kwa dhati. Lakini ulipofika Igoma ulikuta nani anakungoja na tumbo tupu? Mwenye watoto anayelala koridoni hawezi kupimwa kwa miguu yako.

Kipanga wa Mwanza
Nilimkuta mama yangu mgonjwa. Kama ulitaka kujua.

Salma wa Tanga
Pole, kaka. Sikujua. Hoja yangu lakini bado iko palepale.

Mwanasheria Mchanga, Arusha
Jamani tumetoka kwenye mada. Sheria zipo. Kuna azimio la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa la kulinda waandishi vitani, nadhani ni 1738, la mwaka 2015. Serikali zishtakiwe.

Mpiga Picha, Nairobi
1738 ni la 2006. La 2015 ni 2222. Na kabla ya hayo kuna Itifaki ya Kwanza ya Mikataba ya Geneva, 1977, kifungu cha 79: mwandishi vitani ni raia, alindwe kama raia. Mdogo wangu, mimi nimesimamishwa kwenye vizuizi vya barabarani na vijana wa miaka kumi na sita. Hapo kilichonitoa ni dereva aliyejua lugha yao na jina la mkubwa wao.

Mhariri Mstaafu
Nami niseme langu. Anachotaka Mama Tausi niliwahi kukifanya. Kulikuwa na kijana akituletea habari za mpakani. Nikamwambia ofisi haina bima, usituletee tena. Nililala usingizi mzuri siku hiyo, nikijiona nimetenda haki.

Hakuacha kwenda. Aliacha kuniambia kwamba anakwenda. Awali alikuwa akinipigia akitoka, akifika, na akirudi. Ikifika saa kumi na mbili jioni hajapiga, naanza kutafuta: dereva, mwenye nyumba ya wageni, ofisa wa wilaya. Baada ya kumfungia mlango alikamatwa, akakaa siku nne bila mtu yeyote kujua kwamba kuna wa kutafutwa. Alitoka hai. Tukikutana hanisalimii, na ana haki.

Salma wa Tanga
Shikamoo mzee. Mlikuwa mkimlipa kiasi gani?

Mhariri Mstaafu
Marahaba. Elfu kumi kwa habari.

Kipanga wa Mwanza
Elfu kumi! Halafu nyie ndio mnaoandika tahariri za kulaani bahasha.

Salma wa Tanga
Mzee, kwa elfu kumi kijana huyo alikuwa anailipia ofisi yako iendelee kuandika habari za mpakani. Nauli ya kwake, simu ya kwake, vocha ya kukupigia wewe ni ya kwake.

Mhariri Mstaafu
Vocha ilikuwa ya kwake, kweli.

Dada wa Bukavu
Nawasoma tangu asubuhi, mnabishana fulana na bahasha. Niwatajie watu. Serge Maheshe wa Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa, Bukavu, Juni 2007: alipigwa risasi usiku akiwa na marafiki zake. Didace Namujimbo, redio hiyohiyo, Novemba 2008: karibu na nyumba yake. Edmond Bahati wa Radio Maria, Goma, Septemba 2024: karibu na kwake, Ndosho. Nani kati yao alikuwa mstari wa mbele? Nani huvaa fulana ya kilo kumi akirudi kwake jioni?

Mwandishi mwenyeji anauawa anakolala. Mgeni akimaliza kazi anapanda ndege. Sisi tukimaliza tunakwenda kupika, na aliyekasirishwa na habari anajua geti letu.

Mimi nilipigiwa simu mara tatu, mara ya tatu mtu akanitajia rangi ya sare ya mwanangu. Nilivuka mto Ruzizi wa mpakani na begi moja. Nilichohitaji siku hiyo ni nauli na kodi ya miezi mitatu. Misaada ipo: JED kule Kinshasa wanafuatilia vitisho dhidi ya waandishi tangu 1998, CPJ na RSF, mashirika ya kimataifa ya kutetea waandishi, wana mifuko ya dharura, Rory Peck Trust ni kwa wa kujitegemea. Lakini kote utaulizwa ushahidi. Mimi ujumbe wa vitisho niliufuta kwa hofu, nisiuone tena, na kosa hilo lilinigharimu wiki nzima. Msifute. Pigeni picha ya kioo, namba na tarehe zionekane, mtumieni mtu aliye nje ya mji.

Mpiga Picha, Nairobi
Rangi ya sare. Mungu wangu.

Mama Tausi, Dar
Dada, nimekusoma mara mbili. Basi niulize hivi: ofisi inayopokea habari ilipe nini juu ya ile dola tano? Vocha, nauli ya kurudi, na mtu mmoja ofisini ambaye kazi yake ni kupokea simu ya saa kumi na mbili?

Kipanga wa Mwanza
Hilo silo swali lako la mwanzo. Mwanzo ulisema wasipokee.

Mama Tausi, Dar
Ndiyo, nilisema. Nauliza hili sasa.

Muuguzi, Kigoma
Mimi si mwandishi. Nimepokea majeruhi wengi kutoka ng'ambo ya ziwa, nizungumzie fulana tu. Ile laini inazuia risasi ya bastola. Risasi ya bunduki ya AK inaipita, mpaka uweke sahani ngumu mbele na nyuma, ndiyo hizo kilo kumi. Na nchi nyingi zinaihesabu ni zana ya kijeshi, bila kibali inabaki mpakani. Wengi niliowapokea wakiwa hai waliumia miguu na mikono, ambako fulana haifiki.

Tim Hetherington, mpiga picha Mwingereza, alikufa Misrata, Libya, Aprili 2011, kwa kuvuja damu ya paja kabla hajafika hospitali. Rafiki yake Sebastian Junger ndipo akaanzisha RISC, mafunzo ya huduma ya kwanza, bure, kwa waandishi wa kujitegemea. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika una dakika chache tu. Torniketi, ule mkanda wenye kijiti cha kunyongea, inaingia mfukoni. Ofisi ya elfu kumi kwa habari inaweza kuinunua.

Kalamu ya Goma
Dada muuguzi, huku haipatikani. Kitenge kinafaa?

Muuguzi, Kigoma
Cha viwandani ni bora, lakini kama hakuna, kitenge kinafaa. Chana kipande, kikunje kiwe upana wa vidole vitatu, kisiwe kamba, kamba inakata nyama. Funga mbali na jeraha kama upana wa kiganja, upande wa moyo, usifunge penye kiungo cha goti wala cha kiwiko. Fundo moja, weka kijiti, fundo la pili juu yake, nyonga mpaka damu ikome. Atapiga kelele, usilegeze. Fungia kijiti kisirudi, andika saa kwenye paji la uso wake, mpeleke. Usilegeze njiani kumwonea huruma.

Kalamu ya Goma
Kijiti, peni inatosha? Ninayo siku zote.

Muuguzi, Kigoma
Peni itavunjika. Beba mwiko mdogo.