Jumamosi nakutana na mtu Grand-Place, uwanja mkuu wa Brussels. Nisimame wapi?

Mgeni wa Köln: Wakuu, habari zenu. Jumamosi natoka Köln kwa basi, kuna mtu nakutana naye Grand-Place saa nane mchana. Nasikia pale watu hujaa kama sisimizi. Nisimame upande gani tusipotezane? Usingizi sipati.

Bibi Viazi: Chini ya mnara wa Ukumbi wa Jiji. Mita 96, kileleni yupo Malaika Mikaeli. Ila usikae kwenye meza za uwanjani. Mimi kikombe kimoja cha kahawa nililipia hela ya mlo.

Mwalimu Mstaafu: Wengi hawajui, Agosti 1695 jeshi la Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, liliupiga mji ule mizinga. Hizo nyumba za vyama vya mafundi mnazopigia selfi zilijengwa upya baadaye. Ukumbi wenyewe ndio uliolengwa, na mnara haukuanguka!

Shangazi wa Tanga: Mwalimu, kijana kauliza pa kusimama. Mwanangu, huyo "mtu" ni nani?

Mgeni wa Köln: Mchumba.

Shangazi wa Tanga: Mmeshaonana?

Mgeni wa Köln: Kwa video mara mbili, kamera yake ina ukungu. Nilimtumia euro 400 za kodi, atarudisha. Na msianze, tiketi nimeshakata, pete ninayo.

Msema Kweli: Umepigwa, mkuu. Vijana mnaacha dada zenu wa nyumbani…

Wa Matonge: Mie niko hapa hapa Brussels. Mdogo wangu wa Bukavu alimngoja mwanamke pale masaa matatu. Alirudi na mafua.

Mgeni wa Köln: Mnamwonea. Amenitumia picha kasimama kando ya zulia la maua pale uwanjani, Agosti 2023.

Wa Matonge: Zulia hutandikwa mwaka mmoja ndiyo, mwaka mmoja hapana. 2022 lilikuwepo, 2024 pia. 2023 pale ni mawe matupu.

Msema Kweli: CHAI! Mtoa mada katunga, mwaka ukamponza. Wasimamizi, futeni uzi.

Bibi Viazi: Au aliyetunga ni bibi harusi.

Mgeni wa Köln: Sijatunga. Labda nimekosea mwaka.

Shangazi wa Tanga: Ifungue picha, baba.

Mgeni wa Köln: Nimeifungua. 2023 kaandika mwenyewe… Haya, hapo chini ya mnara, kulia au kushoto?

Mwalimu Mstaafu: Swali zuri. Mnara hauko katikati. Ukiutazama, jengo la kushoto ndilo refu.